Mwenye Kalamu, Mwenye Gundi

Mwaka ule oveni ya Mama Kaumba ilipozimika
walikuja watu watatu kutoka mahakama ya biashara:
mmoja na kalamu, mmoja na gundi, mmoja wa kutazama tu.
Wakabandika karatasi kwenye mlango wake pale Kamalondo,
wakahesabu trei kumi na nne, mizani, baiskeli ya kupelekea mikate,
hata gunia la unga lililoliwa na panya upande mmoja.
Jioni alikuwa mufilisi. Neno rasmi, lenye muhuri.
Alilia, akalala. Asubuhi akaniambia:
"Angalau sasa wamemaliza kunihesabu."
Mwaka wa pili alianza tena, kwa mkaa.

Mimi nilikuwa karani wa ushuru wa jimbo,
miaka ishirini na sita, ghorofa ya pili,
dirisha langu likitazama kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba.
Mshahara wa mwisho uliotimia niliupokea
nikiwa bado na meno ya mbele.

Nikamuuliza Wakili Chola, kijana wa jirani yangu:
Je, jimbo nalo laweza kufilisika?
Likaenda mahakamani, likavua kofia,
likasema, sina, nihesabuni?
Alicheka kwa adabu, akaweka chupa chini.
"Mzee Kisimba, sheria haina mlango huo.
Kampuni hufa, ikagawanywa, ikazikwa.
Jimbo halifi. Linadaiwa tu."

Usiku usingizi uligoma, nikalifilisi peke yangu.
Niliwatuma wale watatu na gundi yao.
Wakabandika karatasi kwenye daraja la mto:
nani atalinunua, na akilinunua atalihamishia wapi?
Wakahesabu viti vya ofisi kuu,
viwili tu vikiwa na miguu minne.
Wakalipima gereza: kuta hizi ni mali au ni deni?
Na waliomo ndani waandikwe safu gani?
Kwenye mashimo ya barabara ya Kipushi mwenye kalamu alisita.
Shimo halina bei.
Lina kina, lakini. Akaandika kina.
Kilima cheusi walikiruka.
Kilikuwa na wenyewe tayari.

Kisha wakaita wadai.
Nilitarajia mabenki, wenye mikoba, wakandarasi wa lami.
Walikuwepo, mbele, wameketi.
Foleni ilikuwa nyuma yao; ilitoka nje,
ikapita posta, ikavuka reli, ikafika Katuba:
Mwalimu Ngoie, anayelipwa na wazazi kwa vikombe vya unga,
muuguzi wa zamu ya usiku anayewasha simu ili auone mshipa,
mama aliyezuiliwa wodini na kichanga chake mpaka bili iishe,
Kapend mfagiaji, na ufagio aliounua mwenyewe.
Mimi nilikuwa baada ya Kapend.

Hapo nikaelewa. Lilishafilisika zamani,
ila halikutangaza;
lilikuja nyumba kwa nyumba kufilisikia kwetu,
leo dawa, kesho chaki,
keshokutwa bukari ya mara moja kwa siku.
Hatukukopesha sisi. Tulikopwa tukiwa tumelala.

Wanasema dawa ya deni ni kulipa.
Hawajasema mgonjwa ni nani.

Jumatatu nilivaa koti, nikapanda ngazi zangu za zamani
na barua mkononi: miezi arobaini na mmoja, jumla chini.
Karani mpya, binti mpole, aliisoma mpaka mwisho,
jambo ambalo mimi sikuwahi kumfanyia mtu.
Akachovya muhuri. Wino ulikuwa umeongezwa maji;
IMEPOKELEWA ilitoka na rangi ya chai ya majani yaliyorudiwa.
"Kuna faranga elfu moja za muhuri, baba."
Nikapapasa mfuko. Nikatoa.
"Na risiti?"
"Kitabu cha risiti kimekwisha."

Nikaomba kalamu yake.
Nikaivuta barua, na chini ya jumla
nikaandika: na elfu moja.